Vidonge vya Kuongeza Damu Nilivyomeza Mimi

Wacha nianze na ile ya aibu, juu hata nikificha, kuna mtu wa Tassia atawaambia. Mimi, Mutua, mwanaume wa miaka karibu sitini, ndevu nyeupe, baba ya watu wanne, nilipanga laini kwa kliniki ya akina mama wajawazito nikiwa nimebeba choo yangu kwa kichupa cha plastiki. Nilikuwa nimekifunga na gazeti mara tatu. Nilikuwa nalia kidogo. Nilikuwa nimeshaamua kwamba nakufa.

Sikuwa nakufa. Lakini ndio mnielewe, lazima nirudi siku ya kwanza ya kazi.

Hiyo siku nilikuwa nimetoka Kariokor, kusukuma mkokoteni wa ngozi za mafundi wa viatu, mpaka mgongo ukasema basi. Kliniki fulani huku kwetu Jericho ilikuwa inatafuta mtu wa kufungua geti na kufagia. Shule niliachia kidato cha pili. Sikufukuzwa, ni vile mimi na hesabu tulikaa chini tukakubaliana hatupendani. Sista Mkuu, ndiye alikuwa anasimamia kliniki, mama mfupi mwenye sauti imezidi mwili, aliniangalia kutoka viatu hadi kofia.

"Unaweza kusoma jina ya mtu kwa kadi?"

"Kama imeandikwa vizuri, Sista."

"Hapa hakuna kitu imeandikwa vizuri. Anza na choo za nyuma."

Nilifagia hiyo kliniki miaka mingi. Halafu wakaanza kuchukua wahudumu wa afya wa mtaani, yaani watu wa kujitolea wanaotembea nyumba kwa nyumba kuangalia nani ni mgonjwa, nani ana mimba, mtoto gani hajachanjwa. Sista Mkuu akaniita ofisini. "Mzee Mutua, wewe unaongea kuliko redio. Si ni afadhali uongee kitu ya maana?" Hivyo ndio nilipandishwa cheo, kutoka ufagio mpaka begi.

Tulifundishwa pamoja na Zainabu, mama wa Majengo aliyekuwa ameolewa Jericho, mjanja, mcheshi kunishinda mimi, na hiyo si rahisi. Baada ya mafunzo tukapewa Tassia sisi wawili. Tassia ni fleti. Fleti ni ngazi. Orofa sita, saba, hakuna lifti, na kila mama mjamzito Mungu amemweka ile nyumba ya juu kabisa. Magoti yangu niliyaacha huko. Mkipita mkayaona, yasalimieni.

Kazi yetu kubwa kwa wajawazito ilikuwa damu. Mama akiwa na mimba anahitaji damu yake na ya mtoto, na wengi hawana ya kutosha. Tulifundishwa kufunua kope la chini la jicho: ndani pakiwa pekundu ni sawa, pakiwa peupe kama ugali kuna shida, mpeleke kliniki wampime. Kule anapewa vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma, moja kila siku mpaka ajifungue. Vinakuja kwa karatasi yenye vishimo, kila kishimo kidonge kimoja.

Na hapo ndipo mimi nikajifanya mtaalamu. Niligundua njia yangu ya kazi. Nikiingia kwa nyumba sisemi mengi, naitisha karatasi ya dawa, nahesabu vishimo vitupu. Siku saba, vishimo saba. Naweka alama kwa rejista, nakunywa chai, naenda. Na ili wasisahau niliwaambia wameze asubuhi na chai, kwa sababu Nairobi unaweza kukosa kila kitu kwa nyumba lakini chai ya asubuhi haikosi. Akina mama wakilalamika tumbo, nawaambia, "Hiyo ni mimba, si dawa. Vumilia." Msimamizi wetu, afisa mmoja wa tai na kalamu tatu mfukoni, aliisoma rejista yangu mbele ya wenzangu. "Mwigeni Mzee Mutua," akawaambia. Nilitembea wiki nzima nimefura kifua.

Sasa kulikuwa na Mwende, msichana wa kutoka Kitui, bwana yake dereva wa lori, hayuko nyumbani siku nyingi. Orofa ya sita. Mimba ya pili. Ile ya kwanza alijifungulia nyumbani kwao, damu ikamwagika mpaka akazimia, na mtoto hakuishi. Hiyo hadithi aliniambia mara moja tu, akiwa amegeuka anaosha kikombe.

Mimba ikiwa miezi mitano damu yake ilipimwa ikasoma tisa. Sista Mkuu alitaka angalau kumi na moja. Nikahesabu vishimo vya Mwende wiki baada ya wiki, vitupu vyote, nikaweka alama. Akapimwa tena. Nane.

Sista Mkuu akanifungia mlango wa ofisi. "Mzee, huyu mama anameza?"

"Anameza, Sista. Nimehesabu mimi mwenyewe."

"Umehesabu nini?"

"Vishimo."

Akaweka kalamu chini. "Huyu akifika siku ya kujifungua na nane, akimwaga damu kidogo tu, hana akiba. Unanielewa? Nenda uulize vizuri. Usihesabu. Uliza."

Nikapanda zile ngazi na hasira, nikapumzika orofa ya nne, hasira ikaisha, nikaendelea bila hasira. Mwende alikuwa amekaa kwa stuli, bakuli ya odowa mapajani. Odowa ni yale mawe laini wajawazito hutafuna, unayapata soko yoyote. Nikamuuliza dawa zinaenda wapi.

"Kwa sinki," akasema.

"Ati?"

"Natoboa moja kila asubuhi naangusha kwa sinki, ndio ukikuja upate vishimo. Wewe si unataka tu vishimo? Mzee, hiyo dawa inanitapisha mpaka chai inarudi. Nakaa siku nne sijaenda choo. Nikienda ni kama najifungua mawe. Nimekwambia mara tatu, unaniambia ati vumilia."

"Lakini Mwende, damu yako..."

"Najua damu yangu! Mimi ndio nililala ndani yake!" Akanirushia karatasi nzima ya vidonge. "Si ni vitamu? Meza wewe basi. Wiki moja. Ukimaliza kuja uniambie vumilia."

Mtu mwenye akili angeomba msamaha. Mimi nikasema, "Sawa. Wiki moja. Halafu tutameza pamoja." Nikaondoka na karatasi mfukoni kama shujaa.

Siku ya kwanza nilimeza asubuhi na chai ya rangi, tumbo tupu, vile nilikuwa nawaambia wengine. Mdomo ukawa na ladha kama nimelamba msumari. Siku ya pili nikatapika kwa ngazi, orofa ya tatu, kando ya nguo za mtu zimeanikwa. Mwenye nguo akatoka. "Mzee wa afya, umelewa saa tatu asubuhi?" Siku ya tatu, ya nne, ya tano, choo haikuja hata kusalimia. Nilikaa huko ndani mpaka jirani akagonga akiuliza kama nimehamia. Siku ya saba choo ikakuja, nyeusi. Si nyeusi kidogo. Nyeusi kama lami.

Sasa mimi nimefanya kazi kliniki. Najua choo nyeusi inaweza kuwa damu ya ndani ya tumbo. Sikuwaza dawa hata kidogo. Nikawaza jeneza. Nikachukua kichupa, mengine mnajua.

Ilikuwa siku ya akina mama. Benchi zote matumbo, na Mwende kwa benchi ya pili, Zainabu kando yake amemsindikiza. Sista Mkuu akatokea mlangoni.

"Mzee Mutua, leo ni wajawazito. Wewe una miezi mingapi?"

"Sista, si mchezo. Natokwa na damu ndani." Nikaanza kufungua gazeti.

"Usifungue hiyo kitu hapa! Umekula nini?"

"Hakuna. Chai. Na zile vidonge za..."

Nikajiziba mdomo, lakini nilikuwa nimechelewa. Zainabu ndiye alianza kucheka, halafu benchi ya kwanza, halafu zote. Mama mmoja alishika tumbo akisema, "Woi, mnitoe nje, nitajifungua hapa!"

Sista Mkuu hakucheka. Alinipeleka ndani, akanipima, na kwanza akanigombeza: hizo dawa si zangu, madini ya chuma yakizidi ni sumu, na mtoto akizipata zinaweza kumuua, mbona natembea nazo mfukoni kama peremende? Kisha akaniambia choo nyeusi ni kawaida ya hiyo dawa, ni chuma isiyotumika inatoka.

"Hukuwaambia wamama hivyo?"

"Sikuwa najua, Sista."

"Na uliwaambia wameze na nini?"

"Chai."

Akakaa chini. Akatoa miwani, akasugua macho. "Chai inazuia chuma isiingie mwilini, Mutua. Hata anayemeza, nusu anaipoteza kwa kikombe. Tulifundisha hiyo siku ya pili." Hakuniita Mzee. Nilikumbuka siku ya pili ya mafunzo. Nilikuwa nimekaa nyuma na Zainabu, tunachekesha watu.

Hiyo ndiyo inanichosha mpaka leo, kuliko ngazi. Si kichupa. Ni hesabu ya wale wote niliowaambia vumilia, nikanywa nao chai, nikaweka alama. Wengi walihama na siwezi kuwapata niwaambie.

Mwende nilimpata siku hiyo hiyo, kwa benchi. Akina mama walikuwa wanapangusa machozi ya kicheko. Yeye alikuwa ananiangalia tu.

"Ulimeza kweli?"

"Siku saba."

"Na choo?"

"Mwende, usiniulize. Kama kujifungua mawe."

Hapo ndio alicheka. Halafu akasema, "Haya, nifundishe vile inamezwa."

Sista Mkuu akatufundisha sisi wote wawili. Ameze baada ya chakula cha jioni, alale nayo, kichefuchefu kimpate usingizini. Ameze na maji, na kipande cha chungwa. Chai ikae mbali, saa moja au mbili kabla na baada. Maji mengi mchana, mboga, papai, atembee kidogo, ndio choo ilainike. Odowa aache, inajaza tumbo na inakula chuma. Na ikimshinda bado, asitupe kwa sinki, arudi abadilishiwe. Nikaacha kuhesabu vishimo. Nikawa nikifika orofa ya sita nauliza tu, "Tumbo liko aje leo?" halafu nanyamaza. Kunyamaza kulinishinda kuliko vidonge.

Damu ilipanda polepole. Nane na nusu. Tisa na kitu. Wiki za mwisho, kumi na kidogo. Mwende alijifungua kliniki, mchana, msichana, na damu ikamwagika tena vile tuliogopa. Wauguzi walimshika, ikasimama. Sista Mkuu alitoka nje akapangusa jasho, akanikuta nimekaa kwa ngazi ya mlango. "Angekuwa na ile nane..." akasema, hakumaliza. Akarudi ndani.

Nimestaafu juzi, magoti ndiyo yaliandika barua. Nyinyi vijana mnaoshika kazi yetu mmepewa simu za kujazia rejista na begi nzuri kuliko yangu. Sina wivu, nimechoka tu. Simu yenu pia itahesabu vishimo. Nyinyi ulizeni tumbo.

Jioni ya siku niliyorudisha begi nilikaa na Zainabu nje ya nyumba yake Jericho, chai iko mbele yetu, hakuna mjamzito karibu. Nikamwambia angalau watu wa Tassia walikuja kuniheshimu, wakawa wananifungulia milango yao na kuniambia mambo hawaambii hata mabwana zao. Nikasema labda ni mafunzo yaliniingia mwisho wa mwisho.

Zainabu akapuliza chai yake. "Mafunzo gani, Mutua? Hiyo hadithi ya kichupa niliizungusha mimi, mlango kwa mlango, kila orofa. Walikuwa wanakufungulia kwa sababu wanajua hata wewe choo ilikukataa."