Faili la Rangi na Somo Yake

Mie darasa niliishia la nne, lakini jina nikilisikia mara moja halinitoki. Hapa sitaandika hata moja. Wenyewe wapo hai na sijawaomba ruhusa.

Miaka ile ya tisini tulikaa Chang'ombe, na binti yangu wa mwisho alikuwa anamalizia chuo. Alipata kompyuta iliyochoka, ndani ina programu ya kuandikia ambayo mtu huijenga mwenyewe. Ukitaka ipange kurasa, unaiongezea faili. Ukitaka ihesabu maneno, faili jingine. Na kila faili lina lingine linalolitegemea, lazima hilo litangulie. Alinieleza hayo nikichambua mchele.

"Kumbe kama bibi harusi," nikamwambia. "Hatoki ndani mpaka somo yake aliyemfunda afike."

Akacheka sana. Tangu hapo akiingiza faili ananitajia: hili, na somo yake huyu.

Ijumaa moja mchana nikamkuta ameinamia meza, macho mekundu. Kazi yake ya mwisho ilitakiwa chuoni Jumatatu asubuhi. Asipoipeleka anarudia mwaka. Nayo imo humo humo, ila programu imegoma kuipanga. Inaandika tu kwamba kuna shughuli haiijui.

"Haisemi nani kaikwamisha?"

"Haisemi, mama. Na mie sijagusa kitu!"

"Hujagusa? Juzi si umeingiza faili la kutia maandishi rangi, ulilopewa na mwenzio wa Kinondoni?"

"La rangi na kurasa wapi na wapi?"

"Lilikuja na somo yake." Nikamtajia jina. "Haya, la kurasa somo yake nani?"

Akalitaja. Jina lilikuwa lile lile.

"Kompyuta ikakuuliza, nifute la zamani niweke hili jipya? Ukasema mwenyewe, 'Futa, jipya ndo zuri.' Zuri kwa la rangi. La kurasa limezoea lile la zamani, hili jipya halipatani nalo."

"Mama, siku ile ulikuwa unakuna nazi au unanipeleleza?"

"Vyote."

La zamani lilibaki kwenye disketi moja tu, ndani ya kopo la biskuti, na disketi kwa unyevu wa huku zinaotaga ukungu. Akaifuta kwa upindo wa kanga yangu, akaitia. Kompyuta ikakoroma, ikanyamaza, ikakoroma tena. Nilimshika bega.

Ikasoma. Akaliondoa la rangi pamoja na somo yake, akamrudisha yule wa zamani mahali pake. Kurasa zikajipanga, maandishi meusi tupu bila rangi, moja hadi ya mwisho.

Nikainuka nikaangalie chungu changu. Akanivuta mkono.

"Kaa kwanza, nikusomee."

Akasoma ukurasa wa kwanza wote kwa sauti. Nusu yake sikuielewa. Nikamwambia arudie.