Hita ya Mwalimu Mkuu

Kazini walimwita Kanji, kwa jina la ile dawa inayotiwa kwenye nguo zikakakamaa, na hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu. Kwa miaka kumi na tisa alisimama katika chumba cha kufulia cha hospitali, mgongo umenyooka, akizilisha mashine tatu kubwa mashuka, magauni ya wagonjwa na mapazia ya wodini. Mashine zile alizijua kwa sauti. Mkanda ukianza kulegea yeye ndiye aliyesikia kwanza, na mafundi wa hospitali walishazoea kuitwa kabla kitu hakijaharibika. Kwa hiyo hakuwa na subira na mambo mawili hapa duniani: mashine mbovu, na mtu anayeapa kwamba mashine mbovu ni nzima.

Nyumba aliyopanga na mumewe ilikuwa nayo yote mawili.

Ilikuwa ya vyumba vitatu, nyuma ya ghala la saruji, na mkataba ulisema kwamba imekamilika na vyombo vya kisasa. Usasa wenyewe ulikuwa huu. Friji ilifungwa mlango kwa kamba ya kiatu kwa sababu mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka. Juu iligandisha hata vitunguu, chini maziwa yaliganda kwa kuchacha. Jiko la umeme lilikuwa na plati nne, moja tu ndiyo iliyowaka, nayo haikujua neno kupunguza: ama imezimwa, ama inaunguza. Mashine ya kufulia ilitembea. Ikifika kwenye kukamua ilitoka kwenye kona yake, ikatetemeka sakafuni mpaka mlangoni kama mgeni aliyechoka kukaa, na Kanji akailalia kifudifudi hadi imalize. Bafuni, juu ya bomba la kuogea, palikuwa na hita, sanduku jeupe lenye taa nyekundu iliyowaka hata swichi ikiwa imezimwa.

Mwenye nyumba aliishi ng'ambo ya ua, kwenye nyumba yenye baraza pana. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, akastaafu, lakini ualimu ulikataa kumtoka. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu Mkuu, na yeye alihakikisha hawasahau. Kalamu mbili zilikaa mfukoni mwa shati lake, ya bluu na nyekundu, hata akienda kununua ndizi. Kila malalamiko ya mpangaji aliyajibu kwa swali moja.

"Mnaitumiaje?"

Friji haipoozi? Mnaitumiaje? Jiko linaunguza? Mnalitumiaje? Kisha huinua kidole. "Kitu hakiharibiki. Kitu kinaharibiwa."

Kanji alipoyasikia hayo mara ya kwanza alidhani mzee anatania. Mara ya pili alimtazama vizuri, kuanzia kalamu mpaka viatu, akamweka kwenye fungu lake, lile la matambara ya kupigia deki, na hakumtoa tena humo.

Lililomkera zaidi lilikuwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mumewe alikuwa karani wa masijala, mtu safi, mpole, mwenye mwandiko mzuri. Na alikuwa amesoma kwa Mwalimu Mkuu. Darasa la sita na la saba alikaa mbele ya mzee yule, akachapwa naye, akafaulu mbele yake. Sasa alikuwa na miaka arobaini na minne na mvi kwenye ndevu, lakini akisimama barazani kwa mwenye nyumba mikono ilijipeleka yenyewe nyuma ya mgongo.

"Ndiyo, Mwalimu," alisema. "Sawa, Mwalimu." "Ni kweli, Mwalimu, labda tunaufungua sana."

"Tunaufungua sana nini?" Kanji alimuuliza waliporudi ndani.

"Mlango wa friji."

"Sasa, baba, tuufanyeje? Tuwe tunauchungulia?"

Karani alikaa mezani akaandika barua. Hiyo ndiyo ilikuwa silaha yake. Alianza kwa heshima na taadhima, akapiga mstari chini ya kichwa cha habari, akaeleza ubovu wa jokofu katika aya tatu, akamalizia kwa kumtakia mzee afya njema. Kanji aliipeleka mwenyewe, maana aliogopa mumewe angefika barazani na kuomba radhi kwa kuiandika.

Siku mbili baadaye barua ilirudi. Mwalimu Mkuu alikuwa ameisahihisha kwa wino mwekundu. Alikuwa ameondoa koma mbili, akazungushia neno moja duara, na pembeni ya aya ya pili akaandika: "Wazo halijakomaa." Chini kabisa alama: saba kwa kumi. Kuhusu friji, hakuna hata nukta.

Kanji alicheka kile kicheko chake kikavu, kisha akamwona mumewe anaisoma barua karibu na dirisha, na kicheko kikamkauka zaidi. Karani alikuwa anatabasamu.

"Enzi zile hakuwahi kunipa zaidi ya sita," alisema.

Baada ya barua ya tatu, ambayo ilipata nane, Mwalimu Mkuu alituma fundi. Fundi mwenyewe alikuwa mkwe wake, aliyemwoa binti yake mkubwa na kwa sababu hiyo pekee akawa fundi. Watu walimwita Fundi Kofi kwa namna yake ya kutengeneza. Aliingia jikoni, akazunguka friji kama anayenunua ng'ombe, akaweka sikio, kisha akaitandika kofi moja la ubavuni. Friji ikashtuka, ikaanza kunguruma.

"Imepona," alisema.

"Hata hujaifungua," Kanji alisema.

"Shemeji, vitu hivi vinataka kujua nani mkubwa."

Kabla hajafika getini friji ilikuwa imenyamaza. Kanji aliisikia, na Fundi Kofi naye aliisikia, maana aliongeza mwendo.

Mwezi uliofuata mama yake Karani alikuja kutibiwa macho hospitalini. Alikuwa bibi mwembamba, mcheshi, asiyetaka kumsumbua mtu. Jumamosi asubuhi aliingia kuoga, na Kanji alikuwa anakunja nguo chumbani aliposikia yowe fupi, kisha kishindo. Alimkuta bibi amekaa sakafuni na povu kichwani, mkono wa kulia ameubana kwapani, maji ya moto yanammwagikia miguuni.

"Bomba limeniuma, mwanangu," alisema, kama anayeomba msamaha.

Kanji alipiga teke mlango wa sanduku la umeme ukutani, akashusha swichi kuu, ndipo akamwinua mama mkwe wake. Mkono ulikuwa mzima lakini ulitetemeka vibaya, na bibi hakuweza kushika kikombe. Karani alimfunika mama yake shuka, akamshika bega. Kisha akatoka mbio kwenda ng'ambo ya ua. Kanji alidhani safari hii mzee atasikia. Alimngoja mlangoni.

Karani alirudi polepole.

"Amesema pole sana," alisema.

"Na nini kingine?"

Karani alitazama chini. "Anauliza mama alikuwa anaitumiaje."

Kanji alimtazama mumewe kama anavyotazama shuka lenye doa lililoshindikana, lile ambalo hulirudishi mashineni tena, unalikata kuwa vitambaa. Kisha akaenda kumsuuza bibi kichwa kwa beseni.

Jumatatu alimwomba fundi umeme wa hospitali apite nyumbani. Huyu alikuwa mzee mfupi asiyependa maneno mengi. Alikuja alasiri na bisibisi yake ya kupimia umeme, akaigusisha kwenye bomba, na taa ndogo ya bisibisi ikawaka. Alizima umeme, akafungua sanduku la hita, akachungulia, akaguna.

"Njoo uone, dada."

Waya wa kijani, ule unaopaswa kuupeleka ardhini umeme unaovuja ili usimfuate mtu, ulikuwa umekatwa. Haukuwa umeoza wala kuliwa na panya. Ulikatwa kwa koleo, na ncha yake ikafungwa utepe mweusi vizuri kabisa.

"Hita imekufa ndani, inavujisha umeme," fundi alisema. "Na waya huu ukiwepo, kila ukiiwasha swichi kuu inakatika. Sasa badala ya kununua hita nyingine, wao wamekata waya unaolalamika."

"Kwa hiyo walijua."

"Anayekata huu waya anajua." Akarudisha mfuniko. "Msiiguse."

Jioni hiyo Kanji alimweleza mumewe, neno kwa neno, bila kupandisha sauti. Karani aliomba aonyeshwe. Alipanda kwenye kigoda, akaondoa mfuniko ambao fundi aliuacha na skrubu mbili zisizokazwa, akauona waya mwenyewe. Aliurudisha mfuniko, akashuka. Kanji aliingoja barua, lakini siku hiyo karatasi haikutoka.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi Mwalimu Mkuu alikagua nyumba zake. Safari hii alikuja na Fundi Kofi nyuma yake, na mgeni: mama mmoja mnene, muuza vitambaa, aliyetaka kupanga nyumba ya jirani iliyobaki wazi. Nyumba ya Kanji ingekuwa mfano.

"Hawa ni wapangaji wangu bora," Mwalimu Mkuu alimwambia mgeni. "Huyu nimemfundisha mwenyewe."

Karani alisalimia. Kanji aliwakaribisha kwa adabu iliyopigwa pasi. Muuza vitambaa aliitazama kamba ya kiatu kwenye friji, akamtazama Kanji, Kanji naye akamtazama bila kupepesa, na wanawake wale wawili wakawa wamemaliza mazungumzo yao.

"Na bafuni," Mwalimu Mkuu alisema, "maji ya moto saa yoyote unayotaka. Hita imara, ya zamani. Siku hizi hawatengenezi kama hii."

"Hilo naliamini," alisema muuza vitambaa. "Basi tuyaone hayo maji."

Swichi iliwashwa. Taa nyekundu ilikuwa tayari inawaka. Wakasimama watano kwenye bafu dogo, wakilitazama bomba. Mwalimu Mkuu alimgeukia Fundi Kofi. Fundi Kofi akaanza kukichunguza kidole gumba chake, ambacho ghafla kilikuwa na jeraha.

"Wewe, kijana," Mwalimu Mkuu alimwambia Karani. "Fungulia mama maji."

Na mkono wa Karani ukainuka. Kanji aliuona ukitoka nyuma ya mgongo, unakwenda wenyewe kama ulivyofundishwa, na alifungua kinywa kupiga kelele. Lakini mkono ulisimama katikati. Karani aliutazama kama wa mtu mwingine, akaushusha.

"Hapana, Mwalimu," alisema. "Fungulia wewe."

"Unasemaje?"

"Mama yangu alilishika bomba hili ukauliza alikuwa analitumiaje. Hajui. Mimi pia sijui." Akasogea kando kumpisha. "Shika, Mwalimu. Tufundishe."

Mwalimu Mkuu alitazama bomba, akatazama mlango, akagusa kalamu zake.

"Nimevaa saa," alisema.

"Saa inavuliwa," alisema muuza vitambaa.

Mzee hakuivua. Hapo ndipo Kanji alipomwona jinsi alivyo: si mkatili, si hata mjanja; mtu mdogo tu aliyejipa alama kumi kwa kumi maisha yake yote kwa sababu hakuna mwingine aliyeruhusiwa kushika kalamu nyekundu. Alikuwa tayari kumwacha bibi wa watu anaswe na umeme, lakini kidole chake mwenyewe kilikuwa cha thamani.

"Nitatuma fundi," alinong'ona.

"Fundi si huyu hapa?" Kanji alisema. "Mwambie aizabe kofi."

Muuza vitambaa alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akakumbuka ukuta wenyewe, akauachia haraka. "Asanteni kwa kunionyesha," aliwaambia wenyeji, na akaenda zake bila kuiona nyumba ya jirani.

Kabla wiki haijaisha hita mpya ilifika. Kanji alimzuia Fundi Kofi mlangoni, na mzee mfupi wa hospitali ndiye aliyeifunga, waya wa kijani ukiwa mahali pake. Friji haikubadilishwa wala jiko halikuguswa. Mwalimu Mkuu aliacha kuwasalimu, na jambo hilo, amini usiamini, lilimuuma Karani kwa majuma mawili. Alipita karibu na baraza lile kama mtoto aliyetolewa nje ya darasa.

"Huyo mtu alitaka ushike kifo," Kanji alimwambia, "na wewe unataka akwambie habari za asubuhi?"

"Alinifundisha kusoma," Karani alisema.

Kanji akachukua beseni, akaenda kuosha vyombo.

Miezi minne baadaye walihamia nyumba isiyo na chombo hata kimoja, kuta nne na soketi zinazofanya kazi. Walinunua jiko dogo la plati mbili. Nguo walifua kwa mikono, wakasimama uani kila Jumapili, yeye upande huu wa shuka na mumewe upande ule, wakilikamua. Karani alikamua vibaya, kwa kukunja viganja kama anayefunga bahasha, na maji yote yakabaki upande wake.

"Zungusha, baba, zungusha. Usilibembeleze."

"Nazungusha."

Hakuwa anazungusha. Kanji alimtazama akihangaika, miwani imemteleza mpaka ncha ya pua, akakumbuka ule mkono uliosimama katikati. Halafu akamnyang'anya shuka, akalikamua peke yake.