Shanga Kwenye Picha ya Mfupa

Nyanya yangu aliuendesha mtaa wake wa Mji wa Kale kutoka dirishani, ghorofa ya juu. Alikuwa na kikapu cha ukindu kilichofungwa kamba, na kikishuka, waliokuwa chini walijua la kufanya. Muuza viazi vya karai alitia viazi. Mpita njia alipokea bakuli na kulipeleka kwa jirani mwenye homa. Habari nazo zilipanda kwa kamba hiyo hiyo, na nyanya akajua nani kaposwa kabla ya mposwa mwenyewe kuambiwa.

Kwa hiyo siku ambayo kikapu hakikushuka, mtaa ulijua kuna jambo. Nilipofika niliwakuta majirani wamejaa ngazini, na nyanya ameketi juu ya kidato cha chini kabisa, sahani ya mahamri pembeni yake, mkono wa kulia ameushika kwa wa kushoto kama mtu aliyebeba ndege.

"Umeanguka, nyanya?"

"Sikuanguka. Niliteleza. Kuteleza si kuanguka."

"Mkono umepinda."

"Basi umepinda kwa kuteleza. Chukua mahamri hayo uyapeleke yalikokuwa yakienda, yasipoe."

Hospitalini walimtia plasta, na daktari akasema maneno yaliyotuweka macho sote. Mfupa unaovunjika kwa jambo dogo namna ile, katika mwili wa mwanamke wa umri ule, si wa kufungwa plasta na kusahauliwa. Ni wa kuulizwa habari zake.

Bahati ilikuwa kwamba mahali pa kuuliza nilipajua. Mwaka ule nilikuwa nikiandika riwaya ambayo haikutaka kuandikwa. Mhusika wangu mkuu alikuwa amesimama mbele ya mlango tangu mwezi wa Ramadhani na sikujua nani atamfungulia. Nikapata kazi ya asubuhi katika kliniki moja ya kisiwani, walikokuwa wakifanya utafiti juu ya kukonda kwa mifupa kwa wanawake waliokwisha kuacha kuona siku zao. Kazi yangu ilikuwa kuwasomea wanawake maswali kwa Kiswahili cha nyumbani kwao, maana kile cha kwenye karatasi kilikuwa cha ofisini, na bibi wa Mvita ukimuuliza kwa lugha ya ofisi atakujibu kwa lugha ya mahakamani. Kisha niliwaandaa kwa picha ya mifupa: niliwapeleka nyuma ya pazia, wavue vyuma na vito, wajitande leso, wakalale juu ya kitanda cha mashine.

Mjomba wangu alifurahi kusikia habari za picha. Yeye huendesha winchi bandarini na hukaa mtaa wa Tudor, katika fleti ya chini isiyo na ngazi hata moja, na kwa muda mrefu alikuwa akitaka kumhamisha mama yake.

"Mama, ngazi zile ni za kuulia watu," alimwambia. "Chumba chako ki tayari. Nimeshakipaka rangi."

"Rangi gani?"

"Samawati."

"Basi lala wewe humo, uote ndoto za mbinguni."

Walivutana hivyo jioni nzima, chai ikapoa, mpaka mjomba akatoa shauri. Picha ndiyo iamue. Mifupa ikionekana migumu, nyanya abaki na dirisha lake na asiambiwe neno tena. Ikionekana imekonda, ahamie Tudor. Nyanya alimtazama, akatazama kikapu kilichoning'inia msumarini, akasema, "Haya." Mjomba akanyoosha mkono wapeane. Nyanya akautoa wa kushoto, kisha akaurudisha chini ya leso.

"Wa kushoto haufungi ahadi. Ngoja plasta itoke."

Mjomba alicheka. Mimi sikucheka. Nyumba ile aliingia akiwa bibi arusi. Dirisha lile ndiyo kazi yake, ndiyo barza yake, ndiyo redio yake. Fleti ya chini ungeteremsha kikapu wapi?

Siku ya picha alivaa buibui jipya na kujifukiza udi kana kwamba mashine itamnusa. Nyuma ya pazia nilimwambia kama nilivyowaambia wote, avue kila cha chuma na kila pambo. Alivua bangili za mkono mzima, akavua vipuli, pete, pini za mtandio, na kibanio cha fedha nilichokuwa sijui kama anacho.

"Kimebaki kitu?"

"Kimebaki nini? Wataka nivue na meno?"

Kijana wa mashine alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye sauti ndogo, aliyewaita wanawake wote mama. Alimlaza taratibu, akamwambia asitikisike. Nyanya akafumba macho na kusoma dua kimoyomoyo, mashine ikapita juu yake ikinguruma kidogo kama paka aliyeshiba. Baadaye kijana alitazama hesabu iliyotoka kwenye kompyuta, uso ukamng'aa.

"Mama, mifupa yako ya mgongo ni mizuri. Kwa umri wako, ni mizuri sana."

Mpaka tunafika nyumbani, mtaa ulikwisha kujua. Sijui ni nani aliyeipandisha habari ile kwenye kamba wakati mwenye kamba alikuwa nje. Nyanya aliketi dirishani akipokea pongezi kama mama wa bwana arusi, na mjomba alipopiga simu alimwambia, "Mwanangu, kile chumba kipangishe. Samawati huwapendeza wapangaji."

Asubuhi ya pili daktari wetu mkuu aliniita. Alikuwa mama wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa kisiwani, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu. Alikuwa akizipitia picha zote kabla hajazikubali.

"Hebu njoo uone," alisema. "Hivi vitone ni nini?"

Nikaitazama picha. Uti wa mgongo wa nyanya yangu ulisimama katikati, mweupe, pingili juu ya pingili, kama mnara mdogo wa mawe ya matumbawe. Na chini, pale kiuno kinapoanza kuwa nyonga, msururu wa nyota ndogo ndogo ulikatiza kutoka upande hadi upande.

Kijana wa mashine alidhani ni nakshi zilizoshonewa leso. Kwao hakuwahi kuona kitu kama hicho, na hata angejua, angemuulizaje mwanamke wa makamo ya nyanya yake? Mimi nilijua palepale, na masikio yakanipata moto. Tangu utoto wangu, nyanya akisujudu au akigeuka kitandani, kulikuwa na sauti fulani kama mchele unaomwagwa chumba cha pili. Hakuna aliyeitaja sauti ile. Ni shanga za kiunoni. Mwari huvishwa na somo wake, yule mwanamke mzima anayemfunza mambo ya unyumba, na baada ya hapo ni siri ya nguo na mume. Nilipomwambia avue mapambo, nyanya hakunificha kitu. Kwake yeye zile hazikuwa pambo, zilikuwa mwili.

"Shanga za kioo," daktari alisema kwa sauti ya chini alipoelewa, akajizuia kucheka. "Na mashine imezihesabu kuwa mfupa. Ndiyo maana pingili za chini zimetoka ngumu kuliko za juu. Picha hii haifai, mwanangu. Inafaa arudie. Lakini akitaka, si kwa lazima."

Nilipanda ngazi zile jioni kwa miguu mizito. Nyanya alikuwa akimenya vitunguu thumu kwa mkono mmoja.

"Nyanya, shikamoo."

"Marahaba. Mbona uso umeukunja kama leso ya jana?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho yake, kisha akauliza jambo moja tu.

"Yule kijana aliona?"

"Aliona vitone tu, nyanya. Hakujua ni nini."

"Vitone vya nani?"

"Vyako."

Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe ni kicheko, kicheko cha ndani kilichomtoa machozi. "Marehemu babu yako," alisema akijifuta kwa ncha ya leso, "angemdai kijana huyo aje kuposa."

Lakini alipomaliza kucheka hakusema kama atarudi. Alisema, "Iache picha ilale. Imenipendeza." Sikumsukuma. Mjomba alikwisha kubali, mtaa ulikwisha pongeza, na aliyejua ukweli ni mimi, daktari, na kiuno chake mwenyewe.

Nililala kwake siku ile. Alfajiri, baada ya sala, nilimsikia akitoka mlangoni, nikamfuata kimya. Alikuwa akishuka ngazi peke yake katika giza lile la mawe, kiganja kizima kimeshika ukuta, mguu mmoja ukisubiri mwenzake katika kila kidato. Alipofika chini alisimama mahali palepale alipoteleza. Akakitazama kidato kwa muda, kisha akaniita bila kugeuka, maana alijua nipo.

"Siku ile shanga hazikunishika," alisema. "Nilikuwa nazo, na mkono ukavunjika. Sasa zikinisifu, zanisifia nini?"

"Utarudi, basi?"

"Nitarudi. Na wewe ndiwe utakayezikata. Mtu hajikatii mwenyewe, na somo wangu yuko kaburini."

Aliniambia kwamba wakati wa eda ya babu alizivua, na eda ilipokwisha akazivaa tena kwa uzi mpya. Tangu hapo fundo halijaguswa. Nilimkatia uzi chumbani, yeye amesimama ndani ya leso, mimi nimefumba macho nusu kwa haya. Mkasi ukalia mara moja, na shanga zikaporomoka ndani ya sinia, nyekundu, nyeusi, nyeupe, kwa sauti ile ile niliyoisikia utotoni, ila sasa ilikuwa ndani ya chumba tulimo. Nyanya alijishika kiuno.

"Najihisi kama nimetoka bila kufunga mlango," alisema.

Picha ya pili haikuwa na nyota. Daktari alituita sote watatu, mjomba naye akiwa ametoka bandarini na koti lake la rangi ya chungwa. Akasema bila kuzunguka kwamba mifupa imekonda.

"Imekonda vipi?" nyanya akauliza.

"Bibi, waujua mkate wa kumimina uliochachuka sana? Kwa nje unapendeza, ukiukata ni matundu matupu. Ndivyo mfupa wako ulivyo ndani."

"Mkate wangu haujapata kuchachuka hivyo."

"Mkate wako sijaulaumu," daktari akasema.

Mjomba alishusha pumzi. Hakuwa na furaha ya mshindi, ilikuwa huruma tu, na aliufungua mdomo kusema la chumba. Nyanya akamtangulia. Aliketi wima na kuuliza kwa sauti ya mtu anayesimama mbele ya kadhi.

"Na ngazi, binti yangu? Zitaniua?"

Nilijua jibu hilo lilibeba nini. Mjomba naye alijua, akazitazama ncha za viatu vyake.

"Ngazi si adui yako," daktari alisema. "Adui ni kuanguka. Mfupa usiobebeshwa uzito huona hauhitajiki, ukazidi kukonda. Kupanda na kushuka polepole ni heri kwako kuliko kukaa kitako. Lakini si gizani, si kwa kushika ukuta, na si kwa kubeba sahani. Wataka kitu cha kushika kila upande, na taa, na mikeka inayoteleza iondoke. Na dawa, na jua kidogo la asubuhi."

Nyanya alimgeukia mwanawe. "Umesikia? Kukaa kitako kwanikondesha. Fleti yako itaniua."

"Mama, tuliahidiana."

"Kwa mkono upi?"

Mjomba alimtazama daktari kutafuta msaada, akamkuta amejifunika mdomo kwa karatasi. Akanitazama mimi. Hatimaye akavua kofia yake na kujipangusa uso. "Kuna kamba nene za meli bandarini," alisema. "Zafaa kushikiwa ngazini."

"Mimi si meli ya kufungwa gatini. Nitie mbao."

Akamtia mbao. Alikuja na seremala, wakafunga vishikio vya mti mgumu kushoto na kulia kutoka juu hadi chini, vikapigwa msasa mpaka vikawa laini kama mgongo wa kijiko, na taa ikawekwa kila kona. Chumba cha samawati kilibaki cha wageni. Jumapili mjomba humchukua nyanya huko kwa chakula cha mchana, kisha humpeleka ufuoni Mama Ngina akatembee na kula mihogo ya pilipili, na nyanya hulalamika kwamba mihogo ya huko haijaiva hata siku moja, na huila yote.

Dawa yenyewe ndiyo iliyomkera. Humezwa asubuhi moja kila wiki, kwa maji matupu, na baada yake lazima mtu akae wima nusu saa bila chai. "Utafiti gani huu wa kuninyima chai?" husema, huku ameketi wima dirishani, akishusha kikapu.

Plasta ilipotoka, vidole vilikuwa vimekakamaa. Walimpa mpira wa kuminya, akaupa paka. Badala yake alilitoa sinia, akakata uzi mpya, na kila jioni akatunga shanga, moja baada ya moja, akinung'unika, mpaka vidole vikarudi na utunda wa kiunoni ukatimia. Akafunga mwenyewe. Kufunga, alisema, hakuna miko.

Kule kliniki nilibadilisha swali langu. Siulizi tena juu ya mapambo peke yake. Husema, "Mama, kama kuna kitu ulichovishwa na somo wako, mashine itakiona." Wanawake hutazama kando. Kisha mmoja hurudi nyuma ya pazia kana kwamba amesahau kitu, na mchele humwagika chumba cha pili.

Nyanya aliporudi kwa picha ya mwaka wa pili, hakungoja swali; nyuma ya pazia alinipa mkasi mwenyewe, nikamkatia uzi. Ameshika kishikio cha mlango, kijana wa mashine akimsubiri kwa adabu, alinitia mkononi kitambaa kilichofungwa fundo, kizito kidogo, chenye joto la mwili wake bado.

"Shika," aliniambia. "Na mkono usitikisike zikalia, zitaniaibisha mbele ya mkwe."