Supu ya Vitunguu Saumu kwenye Chungu cha Mama

Niliacha shule ya misheni darasa la tatu, kwa sababu mwalimu alichoka na maswali yangu nami nikachoka na fimbo yake. Tangu hapo nimefanya kazi nyingi na sikudumu na hata moja. Nimechunga, nimebeba ngozi mjini Singida, nimepakia malori, na kwa miezi michache, enzi hizo za Mwingereza, nilifagia karakana ya mgodi wa dhahabu. Huko ndiko nilikojifunza kupika supu ya vitunguu saumu.

Fundi wa mitambo pale alikuwa Mhispania. Wazungu wenzake hawakumwalika mezani kwao, na mpishi hakuwa naye. Jioni alijipikia nyuma ya karakana, nami nilisimama kumtazama, maana sikuwahi kuona Mzungu akipuliza moto. Nilipomuuliza anapika nini, alinieleza kwa Kiswahili chake cha kukatakata kwamba ni chakula cha maskini wa kwao: mkate uliokauka, vitunguu saumu, mafuta, pilipili nyekundu ya unga, maji, chumvi, na yai ukilipata. Mama yake alimpikia supu hiyo kila alipougua. Mpaka siku hiyo sikujua kwamba Ulaya nako kuna watu wanaokula mkate mkavu kwa kukosa kingine. Nilirudi kila jioni na maswali mapya mpaka nikaijua.

Mwaka uliofuata nilikuwa Singida nikasikia mama anaumwa. Nikanunua mikate miwili, vitunguu saumu na pilipili ya unga, nikatembea hadi kwetu Kinampanda. Nilifika siku ya tatu, mkate umekuwa mgumu kama gome. Baba aliugonga kwa kidole akaniuliza kama nimemletea mke wake jiwe.

Homa ilikuwa imekwisha, lakini tumbo la mama lilikataa chakula. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuja kumuuguza na kila asubuhi alimpikia uji wa uwele, na kila asubuhi uji ule uliishia kwa mbwa. Mama hakuweza kufika mlangoni bila kushikwa. Niliona mikono yake iliyokonda juu ya blanketi nikaogopa. Nikasema nitampikia mimi.

Hapo nilivunja mambo mawili kwa mpigo. Kwetu mwanaume mzima hakai kwenye mafiga, na wanawake hawakula mayai. Mayai yalikuwa ya wanaume na ya kutotolesha. Mwanamke akila yai, walisema, atazaa watoto wenye vipara. Tangu utoto nilikuwa nauliza kuku anajuaje yai lake limeliwa na nani, na sikuwahi kujibiwa ila kwa kofi. Shangazi aliniuliza kama aniletee kanga nijifunge kabisa. Baba alisema amezaa mwana, si mpishi, akaenda kukaa uani.

Nilipika. Samli ya kwetu ilichukua nafasi ya mafuta ya yule fundi. Nikakata saumu nyembamba nyembamba, nikazikaanga taratibu, na zilipoanza kugeuka rangi ya dhahabu nikaepua, kama nilivyofundishwa. Lakini fundi alipikia sufuria, mimi nilikuwa na chungu. Chungu hakisahau moto upesi. Kimekaa chini pale, mbali na mafiga, saumu zikaendelea kukaangika mpaka zikawa nyeusi, zenye uchungu kama dawa. Shangazi alizinusa akacheka mpaka akaketi. Alisema hata mbwa wana heshima zao.

Nilimwaga, nikasugua chungu kwa mchanga, nikaanza upya na saumu zilizobaki. Safari hii niliepua zingali nyeupe, nikaacha chungu chenyewe kimalize kazi. Nikatia vipande vya mkate vikanywa samli, nikanyunyiza pilipili, nikamimina maji upesi, nikarudisha motoni. Mkate ulipolainika nikapasua yai juu yake.

Niliingiza bakuli ndani na kurudishia mlango. Nilitaka ale kwa siri, mambo yaishe. Mama alitazama bakuli, akanitazama mimi.

"Fungua mlango," akasema. "Sikuiba."

Nikaufungua. Akaniambia nimshike, tukaenda tukaketi kizingitini, macho kwa macho na baba na wifi yake. Alivuta harufu ile muda mrefu. Kisha akachota, akala kipande cha mkate, halafu akaligeukia yai.

"Wifi," shangazi akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha tena, "utazaa vipara."

Mama alimeza kwanza. "Mimi nimeshakoma kuzaa, dada. Hao vipara watatoka wapi?"

Baba alitazama upande wa zizi kana kwamba ng'ombe wamemwita. Mama alimaliza bakuli, akalifuta kwa kidole, na tumbo lake halikurudisha kitu.

Nilimpikia siku nne mfululizo, mlango wazi. Siku ya tano nilikuta tenga la kuku la kutagia halipo. Baba alikuwa amelihamishia zizini, mahali ambapo mimi nisingechukua kitu bila ruhusa yake. Nilimwambia mama kwamba tenga liko zizini, na leo supu haina yai.

Alijifunga kanga yake, akainuka bila kunishika. Alivuka ua polepole, akipumzika mara mbili, akapita mbele ya baba, akaingia zizini. Akatoka na tenga kichwani, kuku angali amekaa ndani yake, akapita tena mbele ya baba.

"Koka moto," akaniambia.