Haina Nyama

Habari ya kifo ilinikuta mdomo ukiwa wazi, si kwa mshangao bali kwa njaa. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana hapa Marshalltown. Kibanda cha rafiki yetu muuza kota kilikuwa kimefungwa tangu asubuhi, nikamsengenya kimoyomoyo kwamba amelala, nikaenda kununua kwa jirani yake. Ndipo simu ikalia na ujumbe wa mkewe kutoka Hillbrow: moyo umesimama alfajiri, mume hayupo. Niliirudisha ile kota kwenye karatasi yake. Nilijiona kama niliyefumaniwa, nimekaa kwenye ukingo wa barabara na mkate wa mshindani wake mapajani, na siku hiyo sikula tena.

Kwa msomaji asiyejua mji huu, kota ni robo ya mkate iliyochimbwa katikati kama mtaro, ikajazwa chipsi, achari ya embe, jibini, na nyama zenye majina ya mabalozi. Ukienda Pretoria wanaiita sphatlho, na kule Durban wana mkate wao wa mchuzi, bani chao, ambao hawataki ulinganishwe na chochote. Marehemu, mtu wa Lubumbashi, aliyapenda sana hayo majina ya ndani ya mkate. Soseji nene ni Rashia, nyembamba ni Viena, na ile poloni ya rangi ya waridi, inayokatwa vipande vya duara, huitwa ya Kifaransa. "Yaya," aliniambia siku moja akikaanga, "angalia hii sufuria. Murusi iko ndani, hakuna mwenye anamuuliza karatasi. Mufaransa, vilevile. Miye njo niko inje na kitambulisho ya kungoja." "Njo" yake ni "ndiyo" yetu, na aliniita yaya akimaanisha dada mkubwa. Kwetu Tanzania yaya ni msichana wa kulea watoto, na mara ya kwanza nilinuna mpaka nikaacha kuchukua chenji.

Naeleza hayo ili mjue kwamba kati yetu na marehemu Kiswahili kilikuwa daraja lenye mashimo. Mwingine aliyetumbukia ni mwenzangu wa ofisini, Mkenya, mhasibu, mzee wa kanisa lao huko Midrand. Mwaka jana alikuwa ndiyo kwanza ahamie kutoka Nairobi, na kanisa lake lilikuwa kwenye mfungo wa kula mboga tupu. Tukafika kibandani. Mzee akaionyesha poloni kwa kidole, akauliza kwa heshima zote, "Na hii ya pinki, haina nyama?" Marehemu akaitazama, akamtazama mzee, akajibu bila kupepesa jicho, "Haina nyama, papa." Mzee akala. Kesho yake akala tena, na achari mara mbili. Hayo nilisimuliwa baadaye; wakati huo nilikuwa nimekwenda kununua vocha ng'ambo ya pili, na kila nilipomwona akitafuna nikadhani mfungo wao umekwisha. Watu wa dini siwaulizi ratiba.

Mzee alinenepa katika mfungo, wakati wenzake wote walikuwa wakikonda. Akaona ni muujiza usiofaa kufichwa. Jumapili moja akapanda madhabahuni na kota mkononi, akaifungua mbele ya washarika awaonyeshe jinsi Bwana anavyomwandalia mtumishi wake meza katikati ya Marshalltown. Watoto waliokaa mbele, hawa waliozaliwa hapa, ambao ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza, safari hii walielewa vizuri kabisa. "Poloni!" wakapiga kelele kwa pamoja. Naambiwa hata mchungaji aliinama akajifanya anatafuta miwani.

Mzee hakucheka. Aliporudi mjini alisema kila mahali kwamba yule Mkongo ni mwongo, amemnajisi mtumishi wa Mungu kwa makusudi. Wakenya wa ofisi za jirani wakaacha kununua pale. Yeye mwenyewe, akifika kwenye roboti ya kona, yaani taa za barabarani, alikuwa anavuka upande wa pili ili asipite mbele ya kibanda. Nilimpelekea marehemu maneno hayo nikitarajia atacheka, kwa kuwa alikuwa mtu wa kucheka. Akaweka kisu chini. "Kununua, watanunua kwingine, ile haina shida. Shida njo ile jina ananipatia. Umwambie, yaya. Mwongo haina miye."

Hapo ndipo masikio yangu yalipozibuka. Mwongo haina mimi: mwongo si mimi. Kwao Lubumbashi, "haina" ni "si". Mzee aliuliza kama poloni ina nyama ndani yake. Marehemu akasikia anaulizwa kama poloni ni nyama, akajibu kwa imani yake yote kwamba siyo. Nikamkimbilia mzee na uvumbuzi wangu. Akanisikiliza kama anavyokagua hesabu za watu, kisha akasema, "Sawa. Hakusema haina nyama, alisema si nyama. Lakini poloni ni nyama. Kwa hivyo bado ni mwongo, ila sasa ni mwongo wa sarufi."

Nikarudi kibandani na hukumu hiyo. Marehemu akainua kipande cha poloni, kikaning'inia kwenye uma. "Nyama iko na mufupa," akasema. "Nyama ilikuwa na mama yake. Sasa hii, mama yake njo nani?" Nilipomfikishia mzee swali hilo alianza kucheka, akajizuia. "Nitaenda nimsalimie," akasema. "Si leo. Wacha mambo yapoe." Nikajua amekwisha kushindwa, imebaki kiburi tu. Mambo yakapoa. Kila mchana aliendelea kuvuka upande wa pili, na marehemu, nilimwona kwa macho yangu, aliendelea kumtazama akivuka.

Inaniuma kusema kwamba mambo yalipoa kupita kiasi. Sisi wahamiaji wa mji huu tunajisifu kwamba tuna lugha moja, na sisi Watanzania ndio wabaya zaidi, tunatembea nayo kama hati ya shamba la babu. Lakini neno moja huvuka mipaka kwa njia tofauti, na likifika hapa kila mmoja anadai la kwake ndilo halisi. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Kwa kipimo cha marehemu, basi, ulimi nao si nyama, ni poloni, na hatujui kilichosagiwa humo mpaka tuulize.

Kwenye ibada ya kumuaga, katika ukumbi mdogo wa Hillbrow, mzee alikuja na suti yake ya kanisani. Hakuwa kwenye orodha ya wasemaji. Alisimama tu. "Mimi nilimwita mtu huyu mwongo mbele ya watu," akasema. "Nilichelewa kuja kumwambia. Leo nasema mbele ya watu, na naomba nimwambie kwa lugha yake." Akamgeukia mjane. "Mwongo haina yeye." Wakongo wakaitikia kwa sauti ya chini, ukumbi mzima. Mkenya mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba mzee amekosea ngeli. Mjane aliinua uso, akamtazama mzee, akatikisa kichwa kukubali, ndipo akalia.

Msomaji wangu, kabla hujamwita mtu mwongo, muulize kwanza neno lake linalala vipi huko kwao, na umuulize angali hai, kwa kuwa msiba hauna mahali pa kujibia. Hilo ndilo somo. Baada ya ibada wakagawa mikate. Mzee akaufunua wa kwake, akaona duara la rangi ya waridi, akaniinamia sikioni. "Hii haina nyama, sindio?"

"Haina," nikamwambia, kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Akaula wote, machozi yakimtoka.