Moto Juu ya Sakafu ya Tura

Mwezi wa saba, Tura si mahali pa mtu mwenye haraka. Upepo wa asubuhi unakata, na zege haligandi upesi kwenye baridi. Tulimwaga sakafu ya ghala la stesheni, wenzangu wakapanda treni kurudi Tabora, mimi nikaachwa niilinde. Msimamizi wetu Mzungu alisema: funika kwa magunia, mwagia maji siku kumi, isikauke.

Siku kumi! Na mke wangu alikuwa kwao Ipole, kanuna, na haki yake, maana nililala kazini zaidi kuliko nyumbani. Wazee walishakata shauri: nikamchukue mwenyewe Jumapili, nisipofika basi, nimemwacha. Jumapili ilikuwa siku ya nane.

Upweke ule, we acha tu. Nilikuwa nasalimiana na karai. Siku ya sita nikakwaruza sakafu kwa msumari, ukaacha alama. Nikajiambia, kwetu mama akisiriba nyumba kwa udongo na samadi, anawasha moto ndani, jioni watu wanakanyaga. Mnyamwezi gani asiyejua kukausha sakafu? Nikatupa magunia nje, nikawasha magogo kona zote nne. Nikaota moto, nikacheka peke yangu, nikapanga hata maneno ya kumwambia mke wangu.

Alasiri sakafu ilikuwa imepasuka toka mlangoni hadi ukutani. Haraka haraka haina baraka, watoto wanasema. Mimi mtu mzima sijui nilikuwa wapi. Saruji ya akiba ilikuwepo. Ningeweza kuiacha vile vile nikapanda treni ya Jumamosi, nani angenifunga? Sikupanda. Ilikuwa fahari, tena ya kijinga. Nikashika nyundo, nikavunja, nikamwaga upya peke yangu, nikaanza kuhesabu moja.

Nilipofika Ipole baba mkwe alinikaribisha kiti, akaitikia shikamoo yangu vizuri tu. "Mwanangu, Jumapili ile tulikungoja tangu asubuhi mpaka jua likazama," akasema. Mke wangu hakutoka ndani.

Sakafu ya Tura haina ufa mpaka leo. Nyumba yangu ya Chemchem, pale Tabora mjini, bado ya udongo, kwa sababu mke wangu ndiye aliyekuwa akiisiriba, na kuimwagia zege nimeshindwa. Naisiriba mwenyewe, vibaya, halafu nawasha moto nakaa nao mpaka ikauke.