Mkasi wa Saa Nane Mchana

Wifi yangu ni mkataji wa nguo, na simsifu kwa sababu kaolewa na kaka yangu. Huyo kaka mwenyewe simsifu. Namsifu kwa sababu mkasi wake haubahatishi. Ndiyo maana mchana ule alipokata mashati ya sare, mikono yote ikatoka ya kushoto, karakana nzima tuliduwaa.

Bosi, ambaye ndiye aliyemfundisha kazi, hakumung'unya maneno. "Mama, umri umekupata. Ukirudia tena, mkasi nampa mwingine."

 Mkasi ule ndio uliolea watoto wa wifi. Nilimwona akifuta jasho, akitazama bati juu yetu. Karakana haina dari. Mchana hata cherehani hazishikiki.

"Si umri, wifi," aliniambia tulipokuwa bombani. "Asubuhi nakosea? Ni hili joto. Mikono inalegea, kichwa kinajaa moshi. Naangalia kitambaa, hata sikielewi."

Kesho yake, jua la utosi, akamfuata bosi na mkasi mkononi. "Mwalimu wangu, hebu nikumbushe. Mikono ya shati inakatwaje?"

 Bosi akipatia, kazi ya wifi imeota mbawa!

Bosi naye kwa kujionyesha hajambo. Akatandika kitambaa tabaka kwa tabaka, akakata huku akitusimulia enzi zake. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Alipoanza kisa kilekile kwa mara ya pili, nikaanza kupata matumaini.

Wifi akainua vipande, akavipanga mezani kimoja kimoja. Vyote vya kushoto.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Bosi alivigeuza huku na huku, akaketi juu ya robota la vitambaa, akaomba maji.

"Na wewe umri umekupata, mwalimu?" wifi akamuuliza, kwa upole wa kuudhi.

Siku hizi tunakata alfajiri, na jua likikaza tunatoka kwenda kivulini kunywa maji. Sare zilikamilika mapema, kila shati na mikono yake halali. Nilijivunia wifi yangu, nikamwambia hivyo mbele ya watu.

Bosi bado husahau. Juzi mchana alishika mkasi, wifi akamnyooshea kiganja. "Mwalimu, lete."

Akautoa.